Aliyesomewa Kichocho

Sikujifunza kusoma kwa kupenda vitabu. Nilijifunza kwa sababu niliamini nimeua mtu, na nilikuwa natafuta ukurasa wa kumfufua.

Hili nimelikana kwa miaka mingi, tena hadharani. Kila ninapoalikwa kuzungumza na walimu juu ya namna ya kumzoesha mwanafunzi kujisomea, yule anayenitambulisha husimama na kusema, "Mgeni wetu alipenda vitabu tangu utotoni," nami huinamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokwisha kuufanyia mazoezi mbele ya kioo. Siku moja mwalimu mmoja mama wa makamo aliniuliza ilikuwaje hasa. Nikambunia baba mwenye kabati la vitabu. Kabati baba alikuwa nalo, sikusema uongo wote. Ndani yake mlikuwa na mbegu za pamba na kofia yake ya mgodini.

Kilichonivunja ni ubani. Jirani yangu alifiwa na mumewe, na siku ya hitima niliketi ukumbini kwake pamoja na wanawake wa mtaa. Moshi wa ubani ukaja kutoka chumba cha wanaume, na nyuma yake ile sauti ya watu wengi wakisoma pamoja kwa chini. Wenzangu walifarijika. Mimi, mtu wa chuo kikuu, mwenye miwani miwili, mmoja wa karibu na mwingine wa mbali, nilijikuta nimeshika tumbo kwa mikono yote, nalipapasa kama limeanza kuvimba.

Tuliishi kijiji kilichoota kando ya mgodi wa dhahabu, upande wa Geita. Nyumbani tulisema Kisukuma. Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani, ya shuleni na ya mgodini, nasi watoto tulikiokota neno moja moja kama kuku anavyodonoa mtama, na kila neno lilibaki na sura ya mtu tuliyemsikia akilitamka kwa mara ya kwanza. "Haraka" lilikuwa na sura ya nyapara. "Tafadhali" halikuwa na sura yoyote. "Kusomea" lilikuwa na sura ya Mzee Athumani.

Mzee Athumani alikuwa mwenye duka, mtu wa pwani, mpole, ambaye alitugawia vipande vya sukari guru vilivyovunjika gunia likishushwa. Baiskeli yake ikaibiwa. Akasimama barazani kwake, asipandishe sauti hata kidogo, akasema, "Aliyeichukua airudishe kabla ya Ijumaa. Isiporudi, nitamsomea."

Haikurudi. Ijumaa ile wanaume wa kanzu waliketi uani kwake na chetezo katikati, sisi tukichungulia kwenye mianya ya ua wa mabua. Walisoma. Sikuelewa neno hata moja, lakini niliona jinsi wapita njia walivyovuka upande wa pili. Kabla ya mavuno, mchimbaji mmoja aliyekuwa akipanga nyuma ya soko akaanza kuvimba tumbo. Likawa kubwa, likang'aa, miguu ikawa miembamba kama ya korongo. Akafa. Hakuna aliyesema ameugua. Walisema, "Amesomewa." Baiskeli yenyewe haijaonekana mpaka leo, jambo ambalo halikumsumbua mtu.

Basi mimi nikajua: kusoma ni kazi ya shule, na kusomea ni kuua.

Kusoma kwenyewe nilikuwa bingwa. Mwalimu wetu wa zamani alifundisha kama anayeongoza kwaya: yeye anatamka, sisi tunaitikia, kiboko kinapiga meza. Nilikuwa na sauti, na kitabu cha darasa la pili nilikimaliza chote nikiwa nimekishika juu chini. Kisha akaja Mwalimu Petro, kijana wa Kizinza, mwembamba, mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikakata. Siku ya kwanza alinifungulia kitabu ambacho nilikuwa sijawahi kukiona. Nikakitazama. Nikaimba kile cha zamani.

Hakunichapa. Alisema, "Sauti unayo, Kabula. Sasa tutafute macho."

Alikuwa na madarasa mawili na yeye mmoja, kwa hiyo alikuja na mpango. Kwanza tusome kimya, midomo isicheze. Kabla hujafungua kitabu, jiulize unataka kujua nini. Soma kichwa cha habari, kisha ufukuzie jibu la swali lako kama unavyofukuzia mbuzi aliyetoroka. Ukilipata, funga kitabu, mwambie mwenzako kwa maneno yako, hata kwa Kisukuma. Na si katika kitabu cha Kiswahili tu. Hata hesabu isomwe mara mbili kabla ya kushika kalamu, maana nusu ya makosa yetu ya hesabu, alisema, yalikuwa ya kusoma. Kulikuwa na vitabu vya jiografia, kilimo na siha vilivyokuwa vikiliwa na mchwa kwenye sanduku; akavitoa juani, akavikung'uta.

"Mimi nitakuwa na darasa la nne," akasema. "Ninyi, kuanzia leo, mtajisomea."

Darasa likanyamaza. Nasema likanyamaza, si utulivu wa adabu, bali ule wa kuku wakiona kivuli cha mwewe. Mwishoni Malimi, aliyekaa nyuma, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tumeiba nini?"

Mwalimu Petro akacheka. Aliona ni utani. "Mmeiba muda wangu!" akasema, akaenda zake darasa la nne.

Ndivyo tulivyohukumiwa. Fikiria watoto darasa zima, vitabu mbele yao, midomo imebanwa, kila mmoja akijihadhari asijisomee. Mimi nilibuni njia ya kutazama ukingo wa karatasi, pale penye weupe, na kufunua kila baada ya muda. Mwalimu akipita alisifu bidii yangu. Nimewaona wanafunzi wengi chuo kikuu wakitumia njia hiyo hiyo, na sijawahi kuwakaripia kwa moyo mmoja.

Mmoja tu alijisomea kweli. Rafiki yangu Milembe hakuwa na woga wa kawaida wa mtoto. Alizamia lambo mahali penye matope mazito, alijibizana na nyapara, aliazima kalamu yangu ya risasi asirudishe. Alipopewa kitabu cha siha alikizamia vilevile, kichwa mbele. Jioni tulipoteka maji alinihadithia: kwamba mbu ndiye analeta homa, kwamba matumbo ya mtu yakinyooshwa yanaweza kufika mpaka dukani. Nilimsikiliza huku nikitazama tumbo lake.

Kwa sababu lilikuwa limeanza. Chini ya gauni la kaniki, juu ya miguu iliyokuwa ikikonda. Mwanzoni wenzetu walimtania, "Milembe, umemeza mtungi?" Kisha wakaacha kutania. Wakaacha pia kukaa karibu naye. Hakuna aliyelisema, na kila mmoja alilijua: huyu amejisomea.

Siku alipokosa kuja shule nilikwenda kwao. Alikuwa amelala juu ya ngozi ya ng'ombe, amegeukia ukuta, kitabu cha siha kikiwa chini ya kichwa chake.

"Kabula, nimejiona humu," akasema, akakivuta. "Ukurasa huu. Kichocho. Wadudu wanaingia mtu akiogelea, wanatoka kwenye konokono. Choo chenye damu, tumbo kujaa. Ni mimi. Wanasema upelekwe hospitali."

"Umejisomea ndiyo maana umevimba," nikamwambia. Nililia.

"Tumbo lilianza kabla ya kitabu, we mjinga." Akapumua kwanza. "Nimemweleza baba. Anasema mtoto wa kike hawezi kumwambia mzazi ugonjwa wake. Anataka kunipeleka kwa mfumu, yule mganga anayepasua kuku na kuagua kwa matumbo yake. Mwalimu amesema Jumamosi atanipeleka hospitali ya mgodini, ila baba akubali. Kikisemwa na kitabu atakubali. Mimi sina pumzi. Wewe una sauti. Msomee baba."

"Baba yako ameiba nini?"

Alicheka, na kucheka kukamuumiza, akashika ubavu. Kisha akanieleza kwa subira ambayo sijaipata kwa mwalimu yeyote baadaye. Alisema kusomea ni kusoma kwa ajili ya mtu, basi. Kama kumbebea mzigo. Kama kumchotea maji. Akaweka kidole chake kwenye neno la kwanza na kunisogezea kitabu.

Hapo ndipo niliposoma kwa mara ya kwanza maishani mwangu, si kuimba. Nilisoma neno, nikaliangalia, nalo likaniangalia. Kichocho. Kichocho ni ugonjwa. Kichocho huletwa. Hofu ikawa inashuka. Nikajaribu tena kwa sauti zaidi, na kwa kuwa mazoea hayana huruma, sauti ya kwaya ya mwalimu wa zamani ikarudi yenyewe. Nikaanza kuyumba mbele na nyuma, nikiimba kichocho, kichocho, juu ya mgonjwa aliyelala.

Sikumsikia Baba Milembe akiingia. Alikuwa mtu mrefu, mfugaji, Kiswahili chake kikiwa cha mnadani tu. Alikuwa amesimama mlangoni, mwanga nyuma yake, fimbo mkononi.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Hakuitikia. "Unafanya nini?"

"Namsomea Milembe."

Nikaona fimbo ikishuka polepole mpaka ncha yake ikagusa chini. Afadhali angenipiga. Badala yake alivua kofia. Mtu mzima, mwenye ng'ombe, alivua kofia mbele ya mtoto.

"Unamsomea nini?"

"Kichocho."

Milembe alijaribu kuinuka. "Baba, si hivyo..." Pumzi ikamkatika, akarudi chini, akikohoa.

Baba yake akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana. Akauliza kwa Kisukuma, kwa upole uliokuwa wa kutisha kuliko kelele yoyote, "Mwanangu amekuibia nini?"

Nilikuwa mtoto niliyefundishwa kutomdanganya mkubwa. Nikafikiri vizuri.

"Kalamu," nikasema.

Akatoka. Aliporudi alikuwa ameshika mbuzi jike, mzuri, mweusi, mwenye doa jeupe kooni. Akaniwekea kamba mkononi. "Chukua. Ni wako. Sasa mfungue mwanangu."

Sikujua kumfungua. Nilifunua kitabu. Nilifunua mbele, nikafunua nyuma, nikaona picha ya choo cha shimo, picha ya meno, picha ya mwanamke akichemsha maji. Mbuzi alikuwa akitafuna ukingo wa gauni langu. Baba Milembe alisubiri, kofia kifuani, akitazama kila karatasi niliyoigeuza kana kwamba lile neno lingeruka kutoka humo. Milembe alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilisema kitu, na mpaka leo sijui ni nini.

"Hakuna," nikasema hatimaye. "Humu halimo."

Kisha akachukua kamba mkononi mwangu, si kwa hasira, akamfunga mbuzi kwenye nguzo. Alimvika Milembe blanketi, akampakia kwenye baiskeli, akamfunga kwa khanga mgongoni kwake kama mtoto mchanga, miguu ile miembamba ikining'inia. Mama Milembe alikimbia nyuma yao akiita. Niliwaona wakishika njia ya kusini, si ile ya mgodini. Vumbi likatulia. Hawakurudi.

Usiku ule mama aliniosha kwa maji ya majani, akanikataza kutaja nilikokuwa. Lakini kijiji hakina ukuta. Wazazi wakaja shuleni na fimbo kumwuliza Mwalimu Petro ni nani aliyemtuma kufundisha watoto kusomea watu. Akawaeleza. Kadiri alivyoeleza ndivyo neno lile lilivyorudi na ndivyo walivyozidi kuchachamaa, kama mtu anayezima moto kwa mabua.

Kabla hajahamishwa nilimfuata akiwa anafunga godoro lake. Sikuthubutu kumweleza yote.

"Mwalimu, mtu aliyesomewa, anafunguliwaje?"

Alidhani namwuliza juu ya masomo. Uso wake ukang'aa. Nadhani lilikuwa swali pekee zuri aliloulizwa pale kijijini. "Aliyesomewa na asielewe?" akasema. "Usimtegemee msomaji mmoja wala kitabu kimoja. Tafuta jambo lilelile katika kitabu kingine, na kingine. Jibu la siha waweza kulikuta kwenye jiografia. Soma mwenyewe mpaka ulikute."

Basi nikasoma. Nani angeniachisha? Nilikuwa nimepewa dawa. Kabla sijafungua kitabu nilijua swali langu, na lilikuwa moja: jinsi ya kumfungua Milembe. Nilitafuta kwenye jiografia, nikajua mito inakokwenda na maji yanayotuama yanavyokaa. Nilitafuta kwenye kilimo, nikakutana na konokono. Hesabu niliisoma mara mbili mbili, kwa shaka, nikiwafuata wale wanunuzi wa mayai na wajazaji wa mapipa nikidhani wanaficha kitu. Kila somo nilililima kama mtu aliyepoteza sindano shambani. Walimu waliofuata waliandika kwamba nina akili. Nilikuwa na hofu; kwa mbali zinafanana.

Ugumu ulikuja pale vitabu viliponijibu. Kufika darasa la sita nilikuwa nimeelewa kabisa kwamba kichocho ni minyoo, kwamba hakuna mtu anayevimba kwa kusomewa, na kwamba mchimbaji yule naye huenda aliogelea tu. Ningepaswa kufurahi. Lakini niliyeelewa hayo ndiye niliyeelewa pia kwamba kulikuwa na hospitali mgodini, mwendo mfupi, na mwalimu aliyekuwa tayari kumpeleka Jumamosi, na kwamba baba mmoja alikimbiza mtoto wake mbali na hospitali ile kwa sababu ya sauti yangu. Elimu haikuniondolea kosa. Ilinibadilishia tu, ikanipa lile la kweli.

Nikaendelea kusoma, maana sikujua kufanya kitu kingine. Nikasomesha. Nikaandika juu ya kujisomea, na kila nilipoliandika neno hilo niliandika haraka.

Baada ya hitima ya jirani sikulala vizuri wiki nzima. Mwishowe nilimpigia simu mdogo wangu wa kiume, mwenye duka la vipuri Kahama, nikamwomba aulizie watu wa Milembe. Alinicheka. "Dada, Milembe wa Kisukuma? Ni kama kutafuta Juma kule Zanzibar." Nilimpa jina la baba yake. Nikamwambia aulizie kaburi.

Simu ililia asubuhi moja nikiwa nasahihisha karatasi. Mdogo wangu alisema tu, "Zungumza na huyu," na kisha ikaja sauti nzito ya mwanamke, yenye mikwaruzo.

"Mwangaluka, Kabula."

Ilikuwa salamu ya asubuhi ya nyumbani kwetu.

"Wewe ni nani?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Aliyekuibia kalamu."

Yeye akasema kwa niaba yetu sote wawili. Wanakaa Nyahanga, pembeni mwa Kahama. Baba yake alimpeleka kwa mjomba wake huko, kwa baiskeli mpaka barabarani na kisha kwa lori la pamba, na walipofika hakumpeleka kwa mfumu. Alifikiri: aliyefungwa na kitabu hafunguliwi na matumbo ya kuku. Akamtafuta shehe.

"Akamwambia, 'Mwanangu amesomewa, mfungue.' Shehe akauliza, 'Amesomewa nini?' Baba akasema, 'Kichocho.' Kabula, yule mzee alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Akasema hiyo haifunguliwi kwangu, hiyo inafunguliwa kwa sindano. Akatupeleka hospitali mwenyewe, kwa mguu. Nilidungwa sindano mpaka nikawa kama chujio. Nikapona."

"Bila lile neno..."

"Bila lile neno ningekwenda kwa mfumu, ningekufa na kuku wangu."

Nikacheka, nikilia. Kisha nikauliza nililopaswa kuogopa. "Ulirudi shule?"

Magari ya Kahama yakasikika nyuma yake. "Aa. Baba aliapa. Karatasi haiingii nyumbani kwake, maana kamba ya tumbo, anasema, aliifungua shehe, lakini aliyeifunga, yaani wewe, hajaifungua. Wanangu walisomea kwa jirani. Sasa wajukuu nao wanasomea kwa jirani, usiku wanarudi mikono mitupu, madaftari wameyaacha huko. Huyu wa darasa la tatu ana kichwa, Kabula. Kama mimi nilivyokuwa." Akasita. "Mzee yupo hapa, nimemleta mjini kwa ajili ya macho. Anauliza naongea na nani."

"Usimwambie."

"Nimeshamwambia."

Nilisikia kiti kikiburutwa, fimbo ikigonga saruji, mdogo wangu akisema, "Shika hivi, mzee, weka sikioni." Kisha pumzi. Pumzi ndefu ya mtu aliyengoja.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Safari hii pia hakuitikia. Aliuliza kwa Kisukuma, kwa upole uleule, "Umekwisha kumfungua?"

Niliwaza kumweleza. Nilikuwa na maneno yote, ya kitaalamu na ya kawaida. Nimelipwa mshahara maisha yangu yote kwa ajili ya kueleza. Nikafumba mdomo, kisha nikaufumbua.

"Nimemfungua, baba. Yeye, na watoto wake, na wajukuu."

"Wote?"

"Wote."

Kisha akasema, si kwangu, bali kwa mtu aliyekuwa karibu naye dukani, "Mwambieni yule mtoto akachukue daftari lake kwa jirani," na simu ikakatika.